Mafuta Makavu

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi kwenye ghala la silaha, hudhani maisha yangu ni ya kishindo. Wengine hata hupunguza sauti wanapoongea nami. Ukweli ni kwamba mimi ni mwosha vyombo. Vyombo vyenyewe ni bunduki za askari wa hifadhi, zile za nusu-otomatiki: unavuta triga, risasi moja inatoka, kisha bunduki yenyewe inatema ganda na kujipakia risasi nyingine bila kukusumbua. Naletewa zikiwa na vumbi, jasho na vipande vya nyasi. Nazifungua, nazisugua, nazipaka mafuta, nazifunga. Wiki inayofuata zinarudi na vumbi lilelile. Waliosema ukiona vyaelea vimeundwa walisahau kusema kwamba huyo muundaji hushinda peke yake chumbani, ananuka mafuta ya taa mpaka paka wa jikoni wanamkwepa.

Chumba changu kina dirisha moja lenye nondo, meza ya kazi iliyofungwa pembeni jiliwa la kubania vyuma, beseni la kuoshea vyuma na viti viwili. Begani nina tambara wakati wote, ndiyo maana wananiita Mzee Tambara. Jina langu la kweli lipo kwenye kitambulisho, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukigeuza kile kitambulisho akalisoma.

Binti yangu ni askari katika kituo cha Nyika, kule ambako ardhi imekauka na vumbi ni laini kuliko unga. Wenzake wanamwita Kiberiti, kwa sababu ni mwembamba na huwaka upesi. Kwangu hawaki. Kwangu hukaa kimya, nami namjibu kwa kimya changu, na hapo mazungumzo yanakuwa yamekwisha. Mama yake alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. "Baba yako anauliza kama viatu vinakubana." "Mwambie havibani." Na hapo sote watatu tumekaa meza moja, magoti yanagusana. Alipofariki, mimi na binti yangu tulizika mtu na lugha siku ileile. Hatukugombana. Laiti tungegombana, kwani watu wakigombana angalau wanakuwa na la kupatana.

Kilichotubakia ni mafuta ya bunduki.

Mafuta tuliyokuwa tukitumia miaka yote yalikuwa mepesi, ya rangi ya chai ya rangi. Mahali penye mvua ni mafuta mazuri sana, sitayasema vibaya. Lakini kule Nyika jua linayanyonya, na yale yanayobaki yanalivuta vumbi kama sukari inavyovuta sisimizi. Kwa hiyo ikawa desturi kwamba kila Jumamosi kila kituo kinatuma askari mmoja na bunduki zote zilizotumika wiki hiyo, nizioshe kabla hazijagoma. Kutoka Nyika alikuja yeye. Wangeweza kupeana zamu kama vituo vingine, lakini hawakupeana, nami sikuuliza kwa nini. Kuna maswali ambayo ukiyauliza unaweza kuharibu mambo.

Alikuwa akishuka kwenye lori na furushi la turubai, anaingia, anasema, "Shikamoo, baba." "Marahaba. Njia?" "Njia nzuri." Anakaa kile kiti cha pili, namimina chai kwenye kifuniko cha chupa, halafu naanza na bunduki yake. Tuliongea habari za vyuma. Springi imechoka? Bado. Kitako kina ufa? Ni mkwaruzo tu. Mtu angetusikia angedhani ni wageni wawili waliokutana kwa fundi, lakini nakuambia hayo yalikuwa mazungumzo mazuri, na mengine sikuwa nayo. Maana bunduki ilinisimulia yaliyobaki. Nikikuta tope kwenye mkanda, najua walivuka mto. Nikikuta mkwaruzo wa mawe, najua walipanda vilima. Kuna wiki bunduki ilikuja safi kabisa, nikamwangalia usoni, nikaona macho yamemlegea, nikajua alikuwa amelala na homa. Nilimwongezea sukari kwenye chai.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi, mpaka Mkuu wa kikosi alipoingia na makopo matatu.

Mkuu ni mtu mwenye subira, na nasema hivyo nikijua kwamba amenivumilia mimi. Aliyapanga makopo yale juu ya meza yangu, akafuta vidole kwenye suruali. "Mzee Tambara, tumechoka kupaka kila kituo dawa yake. Tunataka mafuta ya aina moja kwa bunduki zote. Jaribu haya, uniambie. Utakayosema ndiyo nitakayoagiza."

Kopo la kwanza lilikuwa na mafuta yaleyale mepesi tuliyoyazoea. La pili lilikuwa na grisi ya manjano, nzito, inayong'ang'ania kidole kama mtoto anayegoma kwenda shule. La tatu ndilo lililonishangaza. Ndani mlikuwa na kitu chepesi kama maji. Unakipaka, unaacha kikauke, na kikikauka hukioni tena isipokuwa utando wa kijivu, ambao ukiugusa mkono unabaki mkavu. Wanayaita mafuta makavu. Nilicheka peke yangu. Nimeishi kwingi nikasikia mengi, lakini mafuta makavu ni kama maji ya unga.

Niliyajaribu kama inavyotakiwa. Nilichukua bunduki tatu zinazolingana kwa umri, nikaziosha mpaka chuma kikabaki uchi, nikaipa kila moja mafuta yake. Nilikuwa na gunia la vumbi la Nyika, nililomwomba dereva wa lori aniletee, akadhani nataka kuotesha maua. Nikazizika bunduki zote humo, nikazitikisa, nikaenda nazo uwanja wa shabaha.

Ile ya grisi ilianza kwa madaha ikaishia kwa aibu. Grisi na vumbi vilikandana vikawa tope, na boliti, yaani kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma ndani ya bunduki, kikawa kinajikokota mpaka kikasimama. Ile ya mafuta mepesi ilifyatua vizuri, kisha ikaanza kukohoa, kisha ikakwama na ganda mdomoni. Ya tatu ilikula risasi, ikala, ikala. Nikaizika tena vumbini, nikaitoa, ikala tena. Vumbi halikupata pa kushika. Nilipoifungua, nilipangusa boliti kwa tambara kavu, na kazi ikawa imekwisha.

Nikasimama pale uwanjani nimeishika ile bunduki, na sikufurahi. Maana nilielewa papo hapo. Mafuta haya yakipita, kila askari atapangusa bunduki yake mwenyewe kituoni, na ghalani zitakuja kukaguliwa mara moja kwa msimu. Hakutakuwa na haja ya Jumamosi. Na mimi na binti yangu, nje ya Jumamosi, hatukuwa na kitu.

Nilikaa na jibu lile tumboni siku kadhaa. Mkuu akipita dirishani, najifanya nina shughuli. Hatimaye akaingia kabisa.

"Vipi makopo yangu?"

"Grisi haifai," nikasema. Hilo lilikuwa rahisi.

"Na hayo mengine?"

Nikachukua tambara, nikapangusa jiliwa ambalo lilikuwa safi tayari. "Yale ya zamani tunayajua. Hawa vijana ukiwapa kitu kigeni wataharibu. Mzoea punda hapandi farasi."

Mkuu akacheka. "Punda wetu analala njiani, mzee. Umesahau malalamiko ya Nyika?"

"Nyika wanalalamika hata jua likichomoza."

"Haya," akasema. "Mimi sijui mafuta, najua kusaini tu. Ukiniambia ya zamani, naagiza ya zamani. Nipe jibu wiki ijayo."

Akaondoka, akaniachia mateso. Angenibishia, ningemshinda au angenishinda, nami ningelala. Lakini mtu akikuamini hivyo, uongo wote unabaki mikononi mwako. Nilijiambia mambo mengi siku zile. Kwamba mafuta mepesi yametufikisha hapa. Kwamba nikiziosha vizuri kila wiki hakuna bunduki itakayokwama. Kwamba hata mimi ni binadamu, na binadamu ana haki ya kumwona mwanawe. Hili la mwisho lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli nililitumia kuyabeba yale mengine.

Jumamosi binti yangu akaja. Shikamoo, marahaba, njia nzuri. Akakaa, nikamimina chai, nikafungua bunduki yake. Boliti ilikuwa imevaa uji wa kahawia mpaka kwenye pembe, na pembeni kulikuwa na mkwaruzo mpya, wa chuma kupigwa na chuma.

"Hapa pamegongwa," nikasema.

"Iligoma juzi. Nikaigonga na kisu, ikakubali."

Aliyasema hayo akiipuliza chai. Kwa sauti ileile ya kusema springi bado.

"Iligoma mkiwa mazoezini?"

"Hapana."

"Mkiwa wapi?"

"Doria." Akanywa kidogo. "Kulikuwa na mtu mbele yangu. Naye alikuwa na yake."

Nilitaka kumuuliza mtu huyo alikuwa umbali gani, aliisikia ile bunduki ikigoma au hakuisikia, na yeye binti yangu aliwaza nini wakati anaigonga, kama alimwita mtu yeyote moyoni. Mama yake angeuliza yote hayo kwa pumzi moja, na angejibiwa. Mimi nilikuwa na boliti mkononi na tambara begani.

"Yako ilikubali kabla ya yake?" ndilo nililoweza.

"Si niko hapa?"

Nikaiweka boliti kwenye beseni. Nikamwambia anywe chai, narudi sasa hivi. Nikavuka ua na mikono inachuruzika mafuta ya taa, nikamkuta Mkuu anakula, nikasimama mlangoni. "Ni yale makavu," nikasema. "Agiza leo. Na kopo lililobaki nawapa Nyika, wasisubiri." Mkuu akaangalia mikono yangu, akaangalia uso wangu, akasema sawa. Hakuuliza kilichobadilika. Nimesema ni mtu mwenye subira.

Nilirudi nikamfundisha. Kosa la askari wetu nalijua, na ni kosa lao peke yao: hawawezi kuiamini bunduki isiyong'aa. Kwao bunduki kavu ni kama mtoto aliyetoka kuogeshwa asipakwe mafuta, anaonekana ametelekezwa. Utampa mafuta makavu, atayapaka vizuri, kisha akifika kwake atamwonea huruma mtoto na kumdondoshea tone la mafuta mepesi juu yake. Hapo umeharibu vyote viwili. Vumbi linapata pa kushika, na ule utando unang'oka.

"Kwa hiyo unaosha mpaka chuma kinalia," nikamwambia. "Hakuna mafuta ya zamani hata kwenye kona. Unapaka, unaacha juani, unapangusa. Halafu huongezi kitu. Hata ikikutia huruma."

"Hainitii huruma," akasema.

Alifanya mara moja mbele yangu, na alifanya vizuri. Vidole vyake ni vya mama yake, virefu, havina papara. Alipomaliza akaivuta boliti, ikaenda na kurudi bila sauti, akaivuta tena.

"Sasa itakuja huku lini?"

"Mwisho wa msimu. Kukaguliwa tu."

"Na kila wiki?"

"Hakuna haja."

"Sawa," akasema.

Akaomba chai nyingine. Hakuwahi kuomba ya pili hata siku moja. Nilimmiminia, akainywa polepole, na sote wawili tukawa tunaangalia nondo za dirisha kana kwamba kuna mtu anapita. Lori likapiga honi. Akafunga furushi, akaweka kopo kifuani mwa jaketi, akaaga. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, na hata hiyo sikuwa na desturi ya kuifanya.

Mafuta makavu yaliagizwa, yakagawiwa, na Jumamosi zikafa. Sikuzika mtu safari hii, lakini nyumba ilikuwa na kile kimya cha baada ya matanga, wageni wakishaondoka. Nilikuwa nachemsha chai ya kujaza chupa, kisha naimwaga jioni. Si kwamba nimechanganyikiwa, mkono ulikuwa umezoea kipimo. Dereva wa lori alikuwa akisimama dirishani kunitania. "Mzee Tambara, wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwona amejifuta kazi mwenyewe." Nilimwambia aende akaoteshe maua yake. Alipoondoka nilitamani arudi anitanie tena. Nilikuwa mpweke, niseme tu. Kuna upweke wa kukosa watu, huo niliuzoea. Huu ulikuwa wa kukosa mtu mmoja ambaye najua yuko wapi, anakula saa ngapi, na kiatu chake ni namba gani.

Habari zilizokuja kutoka Nyika zilikuwa njema. Hakuna bunduki iliyogoma tena. Mkuu alinipa mkono mbele ya watu. Niliupokea.

Msimu ukaisha, bunduki zikaletwa. Nilinyoa siku hiyo. Lori likaingia, akashuka dereva peke yake na mafurushi yote.

"Kiberiti yuko wapi?"

"Kabaki kituoni. Kasema hakuna haja ya kuja mtu, kila kitu kiko sawa."

Hakuna haja. Maneno yangu mwenyewe, yamepanda lori yakanirudia.

Nilikagua za wengine kwanza. Kama nilivyotabiri, nusu yao walikuwa wamemwonea mtoto huruma, wamedondoshea mafuta juu ya utando, nikawatukana hawapo na nikazisafisha. Kisha nikafungua ya binti yangu. Ilikuwa kavu, ya kijivu, haina hata chembe. Alikuwa ameosha mpaka kwenye zile pembe ambazo hata mimi hutumia njiti ya kiberiti kuzifikia. Hakuna tope la kuniambia walivuka mto. Hakuna mkwaruzo. Niliipindua, nikaimulika, nikaiinamia kama daktari, nikitafuta kitu cha kusikitikia. Sikupata. Ilikuwa bunduki ya mtu asiyemhitaji fundi, na fundi aliyemfundisha hivyo ni mimi.

Niliifunga, nikaiegemeza mezani. Nikaenda kwenye chumba cha mawasiliano.

Vituo vyetu vyote viko kwenye mkondo mmoja wa redio. Anayeongea anabonyeza kitufe, na wengine wote, watake wasitake, wanasikia. Ndiyo maana hatuongei ila mambo ya kazi. Nikamwomba mpokeaji wa redio kiti chake, akanipisha.

"Nyika, Nyika, hapa Ghala."

"Ghala, hapa Nyika. Nakupata." Alikuwa yeye.

"Bunduki yako ina kasoro. Inabidi uje uichukue mwenyewe."

"Kasoro gani?"

Ungedhani mtu wa umri wangu angejiandaa kwa swali hilo. "Springi," nikasema.

"Springi ni mpya, Ghala. Niliiweka mwenyewe mwezi uliopita."

"Basi ni boliti."

"Boliti ina nini?"

Kituo cha Mtoni mtu akabonyeza kitufe bila kujua, nikasikia anakohoa. Mpokeaji pembeni yangu akawa anasoma tarehe kwenye kalenda ya ukutani kwa bidii kubwa.

"Ghala," akasema binti yangu, "hiyo bunduki haina kasoro."

"Haina," nikasema.

"Sasa nije kufanya nini?"

Nilijua ni nani wanasikiliza. Mtoni walikuwa wanasikiliza, na Vilimani, na dereva kwenye lori lake uani, na Mkuu ofisini kwake ana redio juu ya kabati. Nilimtafuta marehemu mama yake anisemee, kama siku zote, na siku zote hayupo.

"Huji kufanya kitu," nikasema. "Nimekukumbuka. Nataka uje tukae."

Nikaachia kitufe. Redio ikanguruma peke yake. Ikanguruma muda mrefu, hakuna kituo kilichoingilia, hata Mtoni wenye kikohozi chao. Nilianza kufikiri kwamba nimemwaibisha mbele ya kikosi kizima, na kwamba sasa hata mwisho wa msimu hatakuja.

"Rudia, baba," sauti yake ikasema. "Sijakupata vizuri."

Kwenye redio hakuwahi kuniita hivyo. Na hali ya hewa ilikuwa nzuri siku hiyo, mawasiliano hayakuwa na mikwaruzo.

Nikabonyeza tena, nikarudia taratibu, neno kwa neno, kama tunavyofundishwa.